Hodi ya Tarishi

Miaka kumi na saba napiga hodi Ngamiani,
barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja.
Foniksi yangu wanaijua kwa kengele;
nikikata kona tu, redio zinazimwa,
nyumba iliyokuwa ikicheka inatulia
kama chungu kilichoepuliwa.

Hodi ya jirani ina karibu yake.
Yangu hujibiwa na mtoto:
"Baba hayupo,"
na viatu vya baba viko kizingitini, vina joto bado,
na nyuma ya pazia mtu mzima anameza kikohozi.

Sigombi. Mtoto, sheria haimtambui.
Naandika: nilifika saa tatu na robo,
sikumkuta. Shahidi, mjumbe wa mtaa.
Mara ya tatu nabandika mlangoni kwa ugali wa jana,
maana gundi ya ofisi iliisha tangu Mfunguo Nne.
Mbuzi wa Makorora wamekula hukumu nyingi.

Bi Riziki Shechambo hakujificha.
Alikuwa akikanda maandazi;
akanifutia kigoda kwa upindo wa kanga.
"Nisomee, mwanangu, ila polepole."
Nikasoma: mdai, mdaiwa, milioni mbili na laki nne,
siku ishirini na moja.
Maneno niliyoyabeba asubuhi nzima mkobani, mepesi,
yaligoma mdomoni.
"Kumbe ni ule mkopo wa marehemu."
"Ndiyo, mama. Ulimdhamini."
Akaweka dole gumba.
Unga ukaingia kwenye wino.
Karani akaniuliza, hili doa jeupe ni nini?
Nikamwambia: ni sahihi.

Masika ikapita. Nikarudi na dalali,
kenta ikiunguruma nje, vijana wanne wa kubeba,
na karatasi yenye muhuri: kukazia hukumu.
Hukumu hukazwa kama nati,
na nati haiulizi imembana nani.

Kabati la vioo. Friji, mlango haufungi.
Viti sita, kimoja kimefungwa waya.
Dalali akashika cherehani.
Nikasema: hiyo sheria imeiacha.
Zana ya fundi haiguswi, wala sufuria, wala kitanda.
Akanitazama kama aliyesikia kuku akiadhini.
Nikafungua kitabu; ukurasa wenyewe
nimeukunja pembe tangu mwaka wa kwanza wa kazi.
Cherehani ikarudi chini,
miguu yake ikatafuta alama zake sakafuni, ikazipata.

Si wema. Msinisifu.
Waja leo waondoka leo, ndivyo tusemavyo Tanga,
na viti sita viliondoka kabla ya adhuhuri,
mimi ndiye niliyevihesabu.
Bi Riziki akatufuata hadi barazani.
Sikutegemea atasema kitu.
Akasema: "Kile cha waya,
msikikalie upande wa kulia."

Jioni nikafika kwangu Mabawa,
nikaegemeza baiskeli ukutani,
nikabisha, kwa mkono ule ule wa kazi:
hodi.

Redio ikazimwa.
Kisha sauti ya Mwajabu, kitindamimba wangu, miaka sita,
bila kusita:
"Baba hayupo."

Nikatazama saa.
Kumi na mbili na dakika tano.
Sikumkuta.