Daftari la Makasia, Newala

Mimi ni karani wa ghala.
Napima korosho, unyevu, uzito wa gunia,
naandika bila kutia chumvi.
Haya ya kurasa za nyuma,
baada ya hesabu za mnada wa mwisho,
yapokeeni yalivyo.

Mwaka wa kwanza. Machi. Ghala tupu.
Mashine ilitoka hospitali, haina karatasi,
ilikaa miezi kinyozini kwa Nandonde,
watu wakingoja zamu juu ya kiti kinachoteleza.
Mwalimu Chipola ndiye aliyeitambua:
"Huu ni mtumbwi," akasema, "umekatiwa maji."
Tukacheka. Huku juu nani hajakatiwa?
Washindani wanne, mita elfu mbili.
Mshindi Chipola mwenyewe, dakika kumi na moja,
akatapika nyuma ya mzani.
Zawadi: ndoo mbili za maji, zimefunikwa.

Mwaka wa pili bei ilianguka, wakulima wakagoma kuuza,
ghala likajaa hadi kwenye kenchi.
Tulivuta katikati ya magunia,
kwenye upenyo wa mabega mawili.
Kumi na mmoja. Wote walipiga chafya.

Mwaka wa tatu kioo cha mashine kilizimika.
Fundi Mfaume Likapa akafungua, akafunga:
"Kioo kimekufa, ila gurudumu lina akili bado."
Akaunda na ya pili:
gurudumu la Foniksi, mnyororo, beringi nne,
mpini wa jembe badala ya kasia.
Kila mvuto, mtoto adondoshe korosho moja kwenye debe.
(Issa Mnaule alimhonga mtoto. Korosho zilizidi mivuto.
Nimemwandika, jina na ubini.)

Huo ndio mwaka wa Bi Somoe Nangonga,
miaka sitini na miwili, kanga kaifunga kibwebwe.
Alikaa, akauliza:
"Mto uko upande gani?"
Tukamwonyesha ukuta wa kusini, bondeni, Ruvuma.
"Si mnasema mvutaji huenda kinyumenyume?
Basi nigeuzeni niutazame mto, mgongo uelekee nyumbani.
Miaka yote ile nilipanda mteremko ule na mtungi kichwani,
sikuwahi kuona ninachokiacha."

Tukamgeuza.
Miguu kwanza, kisha kiuno, mikono mwisho,
hakuna aliyemfundisha.
Kwenye mvuto wa tisini mvua ikashuka juu ya mabati,
ghala zima likakimbilia nje kukinga ndoo.
Tulibaki mimi, mtoto wa korosho,
na yeye, macho ukutani, anavuta.
Korosho mia mbili arobaini na moja.
Nimeandika: mashahidi wawili.

Mwaka wa nne.

Likapa alifariki Februari.
Nikapiga mstari, nikaacha nafasi.

Mwaka wa tano Sijaona, bintiye,
alipaka mnyororo mafuta ya ufuta
akasema tusiusubiri ukutu utuamulie.
Thelathini na saba! Kitangari, Tandahimba,
hata vijana watano wa Mikindani,
waliozaliwa na kasia mkononi, kwa maneno yao.
Wakashika nafasi ya tisa kwenda chini,
wakadai sakafu imeinama.
Nikaleta pimamaji,
maji pekee yaliyokuwamo ghalani siku ile.
Povu likatulia katikati.

Mwaka wa sita bomba lilifika,
linatoka Jumanne na Ijumaa, likipenda.
Likaja pendekezo zawadi iwe fedha.
Mikono ilikuwa imeanza kunyooka
Bi Somoe aliposimama, akaitazama ndoo,
akakaa tena bila kusema kitu.
Mikono ikashuka mmoja mmoja.

Mwaka huohuo na mimi nilivuta.
Muda wangu upo, ukurasa wa mwisho, chini kabisa
ya majina arobaini na mawili.
Yote mengine ni wino.
Hilo moja nimeliandika kwa penseli.