Tobo

Kaka yangu Jecha alikuwa fundi wa televisheni,
Michenzani, jumba namba tatu, ghorofa ya nne,
mlango ulionuka risasi ya kulehemu.
Mwaka wa themanini na sita ami yetu akaja kutoka Maskati
na kibao cheusi chenye vitufe vya mpira,
kinachosema na televisheni kwa waya mmoja
na kukumbuka mambo yake kwenye kanda ya kaseti.
Tulifuta harusi ya binamu yetu Zuwena
ili kipate pa kukumbukia.

Mimi nilikuwa skuli, darasa la saba, nina penseli.
"Chora mtu," akaniambia, "miraba minane upana,
kumi na sita kwenda chini.
Mraba ama mweusi ama mweupe. Nusu hamna."
Mtu gani?
"Mtu wa kweli. Wa uongo kila mmoja anaweza."

Nikamchora Ussi Pandu, golikipa wetu.
Pua yake haikuenea.
Kovu la nyusi halikuenea.
Ile namna yake ya kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika,
katika miraba mia na ishirini na minane
sikuiona pa kuiweka.
Kilichoenea ni matege.
Mraba mmoja mweupe katikati ya magoti, basi,
na watoto wa jumba zima, kabla hajasogea hata hatua,
"Ussi! Ussi huyo!"

Walijua, nani asiyejua?
Fainali, uwanja wa Mao, dakika ya mwisho,
mpira ulipita papo hapo.
Tobo.
Mtaa mzima ulirudi nyumbani kwa miguu
na hakuna aliyemuaga mwenziwe.

Mpira wa Jecha nao ulikuwa mraba mmoja.
Foleni ilishuka ngazi hadi kwa muuza urojo,
shilingi kwa mikwaju mitano,
na kwa jioni moja Ussi akafungwa mara arubaini na tatu.

Ijumaa akaja mwenyewe,
katoka bandarini, unga wa ngano mabegani.
Akasimama nyuma ya watoto, akajitazama.
Hakuna aliyegeuka.
"Yule mimi?"
Wewe.
"Mbona sina uso?"
Haukuenea, nikasema, na sauti yangu nayo haikuenea.
Akakaa kimya mikwaju miwili.
"Jecha, niunge magoti."

Nikaujaza mraba. Jecha akabadilisha tarakimu moja,
hamsini na nne ikawa sitini na mbili,
ndiyo tofauti yote.
Mkwaju ukaja, ukagonga, ukarudi.
Wa pili ukarudi.
"Nani huyu?" akauliza mtoto wa Bi Tatu.
"Nguzo."
"Mtungi wa gesi."
"Turudishie Ussi bwana!"
naye Ussi kasimama pale pale, unga unamdondoka.

Mabega yakaanza kutikisika.
"Haya, nirudishe," akasema,
akavuta kigoda, akaomba vitufe,
akajipigia mwenyewe, akajifunga,
akajipigia tena. Wa tatu akaudaka, sijui vipi.
Hapo umeme ukakatika
na wote tukabaki gizani tukibishana kama aliudaka kweli.

Siku hizi mwanangu ana mchezo
ambao wachezaji wanatoka jasho, vinyweleo vinaonekana.
"Mama, njoo uone, kama kweli!"
Naenda. Natazama magoti.

Kanda imeota ukungu, haisemi kitu.
Daftari lipo, nimelifunga kwenye kanga kuukuu.
Ule mraba niliujaza, nikaufuta, nikaujaza,
nikaufuta hata karatasi ikachoka.
Kidole changu cha mwisho
kinapita.