Kitufe cha Kufunga

Saa saba mchana, Mtaa wa Mkwepu,
nimeshuka, nimebana mlango kwa kiuno,
bahasha ya bima mkono huu, chupa ya maji mkono ule,
nikabonyeza rimoti bila kugeuka,
kama mtu anayemuaga jamaa wa kila siku.
Gari halikuitika.

Nikageuka. Nikabonyeza tena.
Taa hazikupepesa.
Ile "twii" yake fupi haikuja.

Lutengano wa maegesho, kizibao cha njano,
akaja na mashine ya risiti na ushauri wa bure:
"Iweke chini ya kidevu, bosi. Mwili unasukuma mawimbi."
Nikaiweka chini ya kidevu.
Nikasimama katikati ya mji
kama mtu anayejinyoa kwa kipande cha plastiki.
Wasichana wa benki wakapita, mmoja akanihurumia.
Kimya.

"Ipulize." Nikaipuliza.
"Labda mnara ule wa simu unameza sauti."
Nikalisogeza gari hatua kumi, likanuna vilevile.
Muuza karanga akauliza kama ilifuliwa.
Ilifuliwa, ndiyo, mwezi wa Ramadhani, mfukoni mwa suruali,
ikalala siku mbili ndani ya mchele wa mke wangu,
ikafufuka. Hilo halihesabiki.

Ya akiba? Niliulizia siku nalitoa bandarini.
Wakala akacheka: imebaki Japani.
Mpaka leo naiwaza droo fulani kule,
na mzee fulani anayeigusa akitafuta miwani,
anaibonyeza, kwa mazoea tu,
na gari lake la zamani, huku kwangu Sinza, halisikii.

Nikamwachia Lutengano buku alinde milango isiyofungika,
nikaenda Kariakoo kwa miguu.
Betri ya kwanza, elfu mbili, meza ya soksi:
ilikuwa maiti ndani ya pakiti.
Ya pili, elfu tatu na nusu, imeandikwa 2032.
Nikafurahi: kumbe itafika mbali!
Fundi Chitemo hakuinua hata kichwa.
"Huo si mwaka, kaka. Ni upana na unene.
Milimita ishirini, halafu tatu na nukta mbili.
Hapo hujaahidiwa kitu."

Akaipasua kwa ukucha wa kidole gumba.
Ufunguo mwembamba wa chuma ukadondoka mezani.
Miaka sita natembea nao, sikujua kama una mimba.
Akasugua shaba kwa ufutio wa mwanafunzi,
akaigusisha kwenye kipimo chake, kikawaka.
"Mawimbi yapo. Kufungua, inafungua?"
Sijui.
Gari lilikuwa wazi. Nani hujaribu kufungua kilicho wazi?

Akaiinua raba ya vitufe kwenye mwanga:
cha kufungua kizima, kama kilivyotoka kiwandani.
Cha kufunga kimelika mpaka upande wa pili.
"Usiku unabonyeza mara ngapi?"

Sikumjibu.
Mara nne. Tano. Tangu waliponing'olea vioo vya pembeni,
nikavikuta sokoni, nikavinunua,
vina mkwaruzo wangu uleule.
Mbwa akibweka, nabonyeza.
Pikipiki ikizima karibu, nabonyeza.
Adhra hugeukia ukutani:
"Limefungwa, baba Nuru. Limefungwa tangu magharibi."

Chitemo hakuwa na raba mpya.
Akakata karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
kipande kama kucha ya mtoto, akakibandika chini ya kitufe.
"Itakaa. Ila usiitese."

Usiku ule nikashuka na tochi,
nikaupuliza vumbi mdomo wa kitasa,
nikafunga kwa ule ufunguo wa chuma, kwa mkono.
Kh. Mara moja.
Rimoti nikaiacha jikoni, juu ya friji.

Saa tisa paka akaruka bati kwa bati.
Kidole gumba kikaamka kabla yangu,
kikabonyeza
godoro.