Gesi Isiyopika

Mama aliniuliza mara moja tu, nyumbani Maseno,
akigeuza mahindi juu ya makaa:
Hiyo gesi yako, inapika?
Nikasema haipiki.
Mtungi wake shilingi ngapi?
Nikasema haina mtungi, imetanda kati ya nyota na nyota,
nyembamba hivi kwamba ukiifungia ndani ya kiberiti
utahesabu chembe ishirini, thelathini, basi,
hazifiki darasa moja la shule ya msingi.
Akapuliza makaa, majivu yakamrukia kope.
Kwa hiyo, mwanangu, umesomea upungufu.

Miaka thelathini na moja nimeusomea.
Pembe ya kunasia mawimbi tuliikunja wenyewe, mimi na fundi Alusa,
kwa mabati yaliyobaki bweni lilipoezekwa,
tukaisimamisha juu ya paa la maabara,
ikweta ikipita nyuma ya choo cha wanafunzi.
Kipokezi kilikula betri ya lori.
Hidrojeni haionekani, hunong'ona,
na wimbi la mnong'ono wake lina urefu wa shubiri moja:
nilipima kwa mkono huu, wa kulimia na kuandikia.
Chembe ikishanong'ona
hunyamaza miaka milioni kumi.
Lakini viberiti vya mbinguni havihesabiki,
ndiyo maana usiku haukaukiwi na sauti.

Mwaka wa tatu nilitangaza wingu jipya.
Lilivuma kuanzia saa tatu asubuhi, likatulia saa saba,
likarudi alasiri. Niliandika kurasa kumi na moja.
Alusa akasoma jedwali, akajikuna kisogo:
Daktari, mbingu hii husali Jumapili.
Tukateremka barabara ya Luanda na redio mkononi
hadi karakana ya Kitagwa, anayechomelea mageti.
Akawasha mashine. Wingu langu likavuma.

Niliyala maneno yangu kwa maandishi, kurasa mbili.
Kitagwa alinitengenezea stendi mpya bila malipo
huku akicheka. Mimi nilicheka mwezi uliofuata.

Tangu hapo nilipenda umeme ukikatika.
Giza likimeza Luanda, Kombewa, mpaka Kisumu,
watu wakilaani, friji zikitoa jasho,
mimi nilikuwa nimeshapanda ngazi.

Wingu la kweli nililipata mwaka wa kumi na nne.
Halikuwa jipya, lilikuwa na namba ya wenyewe.
Mimi niligundua tu kwamba linaporomoka
ndani yake lenyewe, taratibu,
kama unga unaoshuka guniani.
Kazi yangu yote inatosha sentensi hiyo,
na wasomaji wake, nikijumlisha vizuri, hawajai basi.

Barazani kwa naibu chifu niliwahi kueleza
kwamba mawingu mengine yana pombe, kali, ya kujaza bahari.
Dorka Andeso, aliyelipa faini mara nne, akainua mkono:
Na huko askari wanafika?
Naibu chifu alicheka mwisho, tena kidogo.

Mama alipozikwa nilibaki kufagia jiko lake.
Masizi ya boriti yakaniangukia nywele,
nikasimama na ufagio.
Kaboni iliyojifunga pete, pete juu ya pete:
ndugu zake nimewasoma kwenye vumbi la mbali
ambalo halijawahi kunusa mahindi.
Sikulia makaburini. Nililia pale, mdomo una ladha ya moshi.

Alusa amestaafu, anafuga kuku Ebusakami.
Betri sasa hubebwa na kijana Nyangweso,
haamini chochote mpaka akipime mara tatu,
namwachia ngazi, daftari, na orodha ya mageti ya Kitagwa.

Lile wingu bado linajikunja.
Katikati pamepata joto, kidogo sana,
joto la jiko lililoachwa na makaa mawili.
Kwa hesabu zangu litawaka baada ya miaka laki tatu,
nikikosea, laki tano.

Inapika, mama.
Sijui tu ni nani atakayepakua.