Ukaguzi, Mkomani

Nimemwaga mkoba barazani kwa Bi Shekuwe:
tochi, bisibisi, pimamaji na povu lake la kijani,
kipimo cha unyevu nilichokikopa Mombasa,
sijamaliza kukilipia,
na timazi: jiwe la mizani la duka la babu, Langoni,
nimelifunga uzi wa kushonea viatu.

"Vyote hivyo vya nyumba moja?
Mkunga kanizalisha watano humu kwa wembe na uzi."

Nagonga lipu. Hapa imeshika.
Hapa pana uvungu, sauti ya dafu lililokwisha maji.
Bisibisi yazama boriti ya tatu mpaka mpinini;
mchwa wamekula mti, wakaacha rangi.
Nyuma ya birika kipimo chapiga kelele:
thelathini na moja.
Bi Shekuwe aweka kiganja palepale.
"Hapa palianza kulia mwaka wa arusi ya Zuhura."

Kisha timazi. Nalining'iniza toka darini,
nangoja litulie.
Ukuta umeinama vidole viwili, kwa akina Lali.
Navuka wikio, napima tena:
wa akina Lali umeinama vidole viwili, kuja huku.

Fomu ya mnunuzi yataka tiki.
Imara. Si imara.
Kalamu imekauka mkononi.

Bi Shekuwe akusanya vifaa vyangu,
avifuta chokaa kwa upindo wa leso.
Jiwe alishika kidogo, alipandisha, alishusha.

"Hili nalijua," asema.
"Limenipunja sukari miaka ishirini."