Hapo Zamani Zijazo

"Hapo zamani zijazo," ameandika Nuzulata,
na mwalimu akazungushia duara jekundu: Zamani haziji.
Yeye hakufuta. Chini yake akaongeza:
Huku Kigogo huja kila masika.

Daftari la hesabu, kurasa za nyuma.
Nalisoma kwa tochi ya simu; luku imekata tangu saa mbili,
naye amelala, mguu wake juu ya begi langu.

Mwaka elfu mbili na tisini na tisa.
Bahari imepanda hadi Magomeni,
maghorofa yanaanza kuhesabiwa kutoka ya tano,
ugali unapikwa na mashine na bado una mabuja.
Kima ni msichana. Ana miaka kumi na tisa, kama mimi.
Ana kovu la pasi mkononi, kama mimi.

Papa ni chombo cha chuma chenye sauti ya shangazi:
"Ng'ambo kuna kazi, binti. Kula bure, kulala bure.
Panda mgongoni. Mkataba tutaandikiana mbele ya safari."
Akapanda.

Katikati ya maji papa akasema kweli,
kama wasemavyo kweli mahali pasipo pa kushukia:
"Tajiri wetu anaumwa. Dawa yake ni moyo wa mtu."

Kinachofuata nakijua. Kila mtoto wa pwani anakijua:
mbona hukusema mapema, moyo nimeuacha nyumbani,
turudi tukauchukue.
Uongo mtamu. Papa anageuka, kima anarukia mti,
tunacheka, tunalala.

Mdogo wangu kauharibu uongo huo.
Kwake, msichana anajipapasa kifua, na kweli hamna kitu.
Moyo aliuacha. Umeanikwa kwenye kamba ya nguo
kati ya sare ya shule na kanga ya mama,
unadondoka tone, tone, ndani ya ndoo,
na kuna mtoto amekaa chini yake, hataki kwenda kucheza.
Papa hana cha kuchukua. Anamfikisha ng'ambo hivyo hivyo.
Msichana anafanya kazi miaka miwili. Hanung'uniki, halii.
Anatuma pesa.

Hapo hadithi imekatika. Si mwisho;
kalamu iliishiwa wino, na karatasi imechubuka
alipokuwa anakandamiza neno moja lisilotaka kutoka.
Naliinamishia mwanga, nalisoma kwa ncha ya kidole:
turu

Alhamisi wakala atapiga honi pale kwenye duka la dawa.
Pasipoti yangu imo ndani ya begi, chini ya mguu wa Nuzulata.
Mguu mwembamba, una tope kavu kisiginoni,
ningeweza kuusogeza bila kumwamsha.

Kwanza natafuta kalamu yenye wino.