Ngozi Iliyowambwa

Kwanza kilikuja kidoa, zambarau ukingoni,
cheupe katikati kama pembe,
kwenye paja la kushoto, pale ngoma inapokaa.
Nikasema ngoma imenichubua.
Mvua moja ikapita, ya pili ikagoma,
kidoa kikawa kiganja, kiganja kikawa sahani.
Nikikibana kwa vidole, hakibaniki.
Nikikipiga, kinajibu.

Kwetu Mvumi tunajua kuwamba:
ngozi mbichi ya mbuzi, ivutwe, ishikwe na vigingi,
kisha jua, na kabla ya kucheza muheme, moto,
hadi ilie.
Sikujua kuna mkono unaowamba watu.

Sechelela akaishika ngoma yangu msimu wa mavuno.
Sikumnunia.
Uongo. Nilimnunia.

Mjini, daktari Ndahani, mwanamke wa sauti ndogo,
hakuniuliza nani kanitupia jicho.
Aliniuliza nalalia upande gani.
Akasema: tutatumia damu yako mwenyewe.
Siahidi kitu. Wengine hulainika, wengine hapana,
bado tunajifunza.

Wakavuta. Mashine ikazunguka
kwa mlio wa kinu cha kusaga uwele,
mimi nahesabu vigae.
Wahenga walisema damu nzito kuliko maji.
Hawakuiona imetulia kwenye kichupa:
nzito chini, nyekundu, udongo wa kwetu mtupu;
juu njano, angavu,
mafuta ya alizeti yaliyotuama.
Hiyo njano ndiyo niliyorudishiwa,
sindano kwa sindano, kuuzunguka ukingo,
kona ya khanga menoni.
Nimezaa wanne. Hii niliihesabu ya tano.

Mara ya kwanza, bure.
Mara ya pili, jogoo kauzwa kwa nauli, bure.
Baada ya ya tatu, siku sikumbuki,
naoga kwenye beseni, maji ya kudunduliza,
gumba na cha shahada vikakutana
na kati yao, ngozi.
Mkunjo mdogo, kama wa shingo ya kichanga.
Nikaubana, nikauachia, nikaubana,
mpaka maji yakapoa.

Ukingo bado mgumu. Rangi haijarudi.
Jana nilimwambia Sechelela alete ngoma.
Hakuipasha moto.
Nikaibana mapajani ikiwa baridi, imelegea,
ikatoa sauti nzito, ya kivivu.
Tukaicheka.
Akataka kukoka kuni; nikamwambia
iache hivyohivyo kwanza.